Iive Kiasi Gani? Muulize Ng'ombe Kwanza

Mhudumu amesimama na kijitabu chake. Umeshachagua steki, umeshakubali chipsi badala ya wali, ulidhani kazi imekwisha. Sasa anauliza: iive kiasi gani? Meza inakuwa kimya. Mmoja anasema "midiamu", kwa kuwa ni neno la katikati na katikati hakuna anayelaumiwa. Wa pili anasema "weldani, kabisa kabisa, sitaki kuona damu." Yule aliyesoma ng'ambo anasema "midiamu rea", kisha anamtazama wa weldani kama mtu aliyekuja harusini na kandambili.

Swali hilo ni geni katika ulaji wetu wa nyama. Ukienda kula choma Kenyatta Market, Nairobi, au kwenye baa yoyote ya Sinza, Dar es Salaam, utaulizwa mengine: kilo ngapi, mbuzi au ng'ombe, mbavu au paja, ichomwe au itiwe rosti. Kuiva hakuulizwi. Nyama ikiletwa haijaiva inarudi jikoni, na mchomaji anaomba radhi. Kumwuliza mteja angependa nyama yake ibaki mbichi kiasi gani ni desturi iliyokuja na menyu za hoteli, na wengi tunaijibu kwa kubahatisha au kwa kuangalia jirani amesema nini.

Mimi nashikilia kwamba swali lenyewe linaulizwa mapema mno. Kabla ya kusema rea au weldani, mteja anapaswa kujua amewekewa sehemu gani ya ng'ombe, ng'ombe huyo alikuwa na umri gani, na ana siku ngapi tangu achinjwe. Ukishayajua hayo matatu, jibu la kuiva linakuwa nusu limeshapatikana.

Maneno yote ya mhudumu ni majina ya viwango vya joto tu, kwa hiyo tuanze hapo. Karibu robo tatu ya nyama mbichi isiyo na mafuta ni maji, yameshikwa na protini za msuli. Katikati ya kipande panapofika nyuzijoto 50 hivi, protini iitwayo miosini inaanza kuganda. Nyama inaacha kuteleza ulimini na inaanza kutafunika. Hapo ndipo palipo na rea. Kwenye 55 ni midiamu rea: katikati ni pekundu, pana uvuguvugu, maji bado yamo. Kuanzia 60 kwenda juu, kolajeni, yaani utando mgumu unaofunga misuli, inasinyaa na kuukamua msuli. Wekundu unafifia kuwa waridi, nayo ni midiamu. Ikivuka 70, protini nyingine, aktini, imeshakaza, rangi ni ya kijivu, na sehemu kubwa ya maji imeishia kwenye kikaango. Hiyo ni weldani. Kutoka rea hadi weldani, basi, ni kama nyuzijoto 20 tu. Kipande chembamba juu ya moto mkali huzimaliza katika dakika chache ambazo mpishi anajibu simu.

Ule ukoko wa kahawia unaonukia ni habari nyingine. Huo hutokea juu ya nyama, pale joto linapopita 140 hivi na maji ya juu yakiwa yamekauka, ndipo protini na sukari vinapokutana na kuzaa mamia ya ladha mpya. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeueleza mchanganyiko huo mwaka 1912, na jina lake limebaki nao. Steki nzuri ina vyote viwili: nje iliyoungua kidogo kwa heshima, ndani yenye kiwango ulichoagiza. Ndiyo maana unene una maana kuliko watu wanavyodhani. Steki ya unene wa sentimita moja haiwezi kuwa na ukoko huo na bado ikawa midiamu rea. Mhudumu anayekuuliza swali la kuiva huku nyama ni nyembamba vile anafuata itifaki tu.

Na yale maji mekundu kwenye sahani si damu. Ng'ombe akichinjwa, damu yake humwagika shingoni, na kidogo mno hubaki kwenye msuli. Kinachotoka kwenye steki ni maji yaliyochanganyika na mioglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya misuli. Msuli unaofanya kazi ya kudumu una mioglobini nyingi, ndiyo maana nyama ya ng'ombe ni nyekundu na kidari cha kuku ni cheupe. Mioglobini hiyohiyo ikipashwa joto hubadilika rangi kuwa kahawia, kwa hiyo rangi ya ndani ya steki ni aina ya kipimajoto, ingawa si cha kuaminika sana.

Kwa msomaji Mwislamu wa Mombasa au Unguja jambo hili si la ladha peke yake. Damu ni haramu, wala hakuna mjadala hapo. Lakini aya ya 145 ya Sura ya Al-An'am inataja damu inayomwagika, na mafakihi tangu zamani wameitofautisha na unyevu unaobaki ndani ya nyama baada ya mnyama kuchinjwa kisheria. Suala la uhalali linaamuliwa kwa kisu, machinjioni, kabla steki haijafika karibu na moto. Anayeona kinyaa kwa wekundu ana haki ya kukiona, ila kinyaa ni kinyaa. Fiqhi ni mlango mwingine.

Nyama ya asubuhi

Sasa nimtetee yule wa weldani, kwa sababu amesimangwa vya kutosha.

Ng'ombe akishachinjwa, misuli yake inakakamaa. Kama ikiachwa kwenye chumba cha baridi, kati ya nyuzijoto 0 na 4, vimeng'enya vilivyomo ndani ya msuli wenyewe vinaanza kuikatakata protini taratibu, na baada ya wiki moja hadi mbili nyama ile inakuwa laini kwa kiasi ambacho hata kijana asiyejua kupika atakitambua. Migahawa ya steki ya Marekani na Ulaya hutundika nyama wiki mbili, tatu, mingine hata zaidi. Steki nyekundu inayosifiwa kwenye filamu imetoka huko.

Yetu inasafiri njia nyingine. Inachinjwa usiku kwenye machinjio ya Vingunguti, Dar es Salaam, au Dagoretti, Nairobi, alfajiri iko buchani, mchana iko sufuriani. Mnunuzi anaipenda hivyo. Nyama yenye ubaridi wa friji anaishuku kuwa imelala, na katika nchi ambako umeme hukatika, shaka hiyo si ya kijinga. Lakini nyama ya namna hiyo bado imekakamaa. Ongeza na ng'ombe mwenyewe: mara nyingi ni zebu aliyekula majani maisha yake yote, akatembea kutafuta maji, akauzwa akiwa mkubwa kwa sababu mfugaji hauzi ndama. Kadiri ng'ombe anavyozeeka ndivyo kolajeni yake inavyofungamana na kuwa ngumu. Mkatie mtu paja la ng'ombe huyo, umpikie midiamu rea, umpe kisu kikali. Atatafuna mpaka kachumbari ichoke.

Kolajeni hiyo ina dawa moja: joto la 70 na zaidi, pamoja na unyevunyevu, kwa saa nyingi. Ndipo inapoyeyuka kuwa ule utelezi mtamu wa mchuzi wa nyama ya fupa. Bibi zetu waliichemsha nyama saa tatu kwa sababu nyama yenyewe ilidai saa tatu. Wapishi wa mishkaki wa pwani walipata njia ya mkato, papai bichi, ambalo kimeng'enya chake, papaini, hulainisha nyama kwa muda mfupi. Likiachwa usiku kucha nyama inakuwa uji. Kwa hiyo mtu aliyekulia kwenye nyama hii akikwambia nyama nzuri ni iliyoiva sana, anazungumza kwa ushahidi. Ushahidi wake ni wa sehemu nyingine ya ng'ombe, basi.

Maana ipo sarara. Ule msuli mrefu unaolala chini ya uti wa mgongo haufanyi kazi yoyote ya maana maisha yote ya ng'ombe. Hautembei, haubebi, hauna kolajeni ya kutisha. Ni laini hata kwa zebu wa umri mkubwa, na ni laini hata siku ileile ya kuchinjwa kuliko paja lililotundikwa wiki nzima. Tatizo lake ni kwamba hauna mafuta, kwa hiyo ukiupitisha 70 hakuna kitu cha kuulinda. Unakuwa kama karatasi. Anayeagiza sarara weldani analipia ulaini kwa bei ya juu kuliko zote kwenye menyu, kisha anaomba uondolewe kwa moto. Ni hela yake. Lakini kama pana mahali pa kujaribu midiamu kwa mara ya kwanza, ni hapo.

Nyama ya mbavuni iliyo karibu na uti wa mgongo ina mishipa ya mafuta ndani, na mafuta hayo yanataka joto ili yayeyuke. Ikiletwa rea, yale mafuta yanabaki meupe na magumu. Midiamu inaifaa vizuri, na hata ikizidi kidogo bado inalika. Ya nyonga iko katikati. Inategemea imetundikwa siku ngapi. Halafu jihadhari na menyu za hoteli ndogo za Tanzania, kwa sababu buchani ukiomba steki unapimiwa nyama isiyo na mfupa tu, ambayo yaweza kuwa paja tupu. Nyama hiyo ikiandikwa "steki" kwenye menyu hakuna aliyedanganya, lakini usiiagize midiamu rea.

Moshi wa Liebig

Kuna imani moja ambayo utaisikia kwa mpishi yeyote aliyefundishwa hotelini: kwamba nyama inawekwa kwanza kwenye moto mkali ili "ijifunge" na utamu usitoke. Mwenye imani hiyo hasa ni mkemia Mjerumani, Justus von Liebig, aliyeitangaza katika miaka ya 1840. Vitabu vya mapishi vikaidaka na kuibeba zaidi ya karne nzima. Mwaka 1984 Mmarekani Harold McGee, katika kitabu chake kuhusu sayansi ya chakula, aliwaeleza wasomaji wa kawaida kwamba si kweli. Na ushahidi uko masikioni mwetu. Ule mlio steki inapokaa kwenye chuma cha moto ni maji yanayotoka na kuwa mvuke. Kama nyama ingekuwa imejifunga, kikaango kingenyamaza. Moto mkali unaleta ladha na rangi, na hiyo inatosha kuutumia. Maji hayazuiliki kwa ukoko. Yanazuilika kwa kuitoa nyama mapema na kuiacha ipumzike dakika tano hivi kabla ya kuikata.

Nimemtaja Liebig pia kwa sababu jina lake lilifika Afrika Mashariki na kuacha jeraha. Kampuni ya kutengeneza rojo la nyama iliyobeba jina lake ilianzishwa London mwaka 1865, ikawa na kiwanda kikubwa Fray Bentos, Uruguay. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikafungua kiwanda Athi River, nje ya Nairobi, na kiwanda kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Serikali ya kikoloni, ikisema ardhi ya Ukambani inamomonyoka kwa mifugo mingi, ikaanza kuwalazimisha Wakamba kuuza ng'ombe wao. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi na kukataa kuondoka bila kusikilizwa. Serikali iliachana na uuzaji wa lazima. Muindi Mbingu mwenyewe akahamishiwa Lamu kama mfungwa. Leo barabara yenye jina lake inapita mbele ya City Market, soko ambalo Wanairobi wengi huenda kununua nyama nzuri. Anayetoka humo na sarara mkononi, akiwaza kama ataikaanga kwa siagi au mafuta, anakanyaga barabara ya mtu aliyekataa ng'ombe wa watu wake wageuzwe rojo la kopo.

Hofu yenye sababu na isiyo na sababu

Turudi mezani, kwa yule anayeogopa kuumwa. Baadhi ya hofu zake ni za kweli.

Bakteria wabaya, wakiwepo, hukaa juu ya kipande cha nyama, pale kilipoguswa na kisu, mikono na nzi. Ndani ya msuli mzima wa ng'ombe mwenye afya kwa kawaida hawamo. Moto mkali juu unawaua, na katikati pakibaki pekundu si hatari kubwa. Nyama ya kusaga ni kinyume kabisa: kilichokuwa nje kimeingizwa ndani. Marekani ilijifunza hilo kwa machungu mwaka 1993, pale hambaga zisizoiva sawasawa za mtandao wa mikahawa wa Jack in the Box zilipowafanya watu zaidi ya 700 waugue na kuua watoto wanne, kwa bakteria aina ya E. coli. Mamlaka za huko zinashauri steki nzima ifike nyuzijoto 63 na kupumzika dakika tatu, na nyama ya kusaga ifike 71. Kwa hiyo hambaga iagize iive. Na jambo ambalo halisemwi: jikoni kwetu nyama ngumu hupondwa kwa nyundo au kutobolewatobolewa ilainike. Kila tundu ni njia ya bakteria kwenda ndani. Steki iliyopondwa isichukuliwe tena kuwa kipande kizima, iive.

Hofu ya pili ni tegu. Huyu ni mnyoo anayeishi tumboni mwa binadamu. Mayai yake yakifika malishoni kwa sababu ya choo cha porini, ng'ombe huyameza, na viluwiluwi vyake hukaa kwenye misuli ndani ya vifuko vidogo. Afrika Mashariki yupo. Mkaguzi wa nyama hupasua misuli ya taya na moyo kumtafuta, lakini vifuko vikiwa vichache huweza kumpita. Joto la nyuzi 60 na zaidi humwua, na kugandishwa kwa siku kadhaa pia humwua. Hesabu hiyo inaifanya midiamu kuwa mahali pa busara kwa nyama ambayo huijui ilikotoka, na rea kuwa ya nyama ambayo mgahawa unaweza kukueleza safari yake. Kuhusu kimeta sitasema mengi: vijidudu vyake vinaweza kuvumilia moto wa jikoni, kwa hiyo ng'ombe aliyekufa mwenyewe hafai hata akipikwa siku nzima. Hapo muhuri wa mkaguzi ndio kinga.

Wanaotuambia Mwafrika hali nyama mbichi waende mgahawa wowote wa Kihabeshi, Nairobi au Dar. Kitfo, nyama iliyokatwakatwa laini na kuchanganywa na samli ya viungo na pilipili ya mitmita, huliwa mbichi kabisa, na asiyetaka mbichi huagiza leb leb, yaani iliyopashwa kidogo tu. Majirani zetu wana utaratibu wao wa kuulizana kuiva, wala hawakuupata kwa Mfaransa. Wana pia dawa yao ya zamani ya tegu, maua ya mti wa kosso, jambo linaloonyesha kwamba waliujua utamu na gharama yake.

Haki ya wa weldani

Mwaka 1999 mpishi wa New York, Anthony Bourdain, aliandika katika jarida la The New Yorker jambo lililowakera wapishi wenzake kwa sababu lilikuwa kweli: kwamba kipande kibaya, chenye mishipa, kilichokaa sana, jikoni huwekwa pembeni kikimsubiri mteja wa weldani, kwa kuwa hataonja tofauti. Mwaka uliofuata akalirudia kitabuni na akawa maarufu duniani. Watu wengi walilisoma kama onyo kwa wanaopenda nyama iliyoiva. Mimi nalisoma kama shtaka dhidi ya jikoni. Mteja amelipa bei ileile. Hata Donald Trump, ambaye magazeti ya Marekani yalimcheka kwa kula steki iliyokauka na tomato sosi, alistahili kipande kizuri kama cha meza ya pili.

Weldani inaweza kupikwa vizuri, ila inataka ufundi kuliko rea. Mpishi achague sehemu yenye mafuta, si sarara. Kama ni nene, aipasue katikati ifunguke, moto ufike ndani bila kuunguza nje. Aanze kwa moto mkali, kisha aisogeze pembeni penye moto wa wastani, aipake siagi, aitoe mara tu wekundu unapoisha. Isiachwe hapo hadi mpishi atakapokumbuka. Wachomaji wetu wa mbavu wanaijua kazi hii kwa mkono. Makaa yao yana upande mkali na upande mpole, na nyama huhamahama. Tofauti yao na mpishi wa hoteli ni kwamba kwao nyama iliyoiva ndiyo kazi yenyewe, wala si adhabu ya mteja.

Basi mhudumu akija na kijitabu, muulize yeye kwanza. Ni sehemu gani? Ina unene gani? Imekaa baridini siku ngapi? Imepondwa? Mgahawa unaojiheshimu utamtuma jikoni akaulize, na dakika hizo mbili utakunywa soda yako kwa amani. Akirudi na jibu la kueleweka, agiza unavyotaka. Akirudi na tabasamu tu, agiza kuku.

Na ukisita kati ya viwango viwili, taja cha chini. Steki iliyopungua moto inarudishwa kwenye makaa na kurudi mezani baada ya dakika tatu, wala usione haya kuirudisha. Iliyozidi haina pa kurudishwa. Hapo utamwita tena mhudumu umwagize pilipili na ndimu.